Klachi ya Trekta Inapoteleza: Sikiliza Kwanza, Fungua Baadaye

Leo nitasema na wale wenye trekta la kikundi au la ushirika, na wale wanaolikodi kwa jirani, na pia wenye pawatila. Nitazungumza juu ya klachi: kazi yake, magonjwa yake, na jinsi wewe mwenyewe, bila kufungua hata nati moja, unavyoweza kutambua kama klachi ndiyo mgonjwa au inasingiziwa tu.

Huenda ukauliza, jambo hili si la fundi? Ni la fundi, lakini anayeanza ni wewe na dereva wako. Klachi ya trekta haionekani. Imejificha kati ya injini na giaboksi, na kwa matrekta mengi, ili kuifikia, fundi hana budi kuligawa trekta vipande viwili. Kazi hiyo huchukua siku nzima au zaidi. Inataka jeki imara, magogo ya kuegemeza, watu wenye nguvu, na fedha ya kumlipa fundi. Ukilipasua trekta ukakuta klachi ni nzima, fedha imekwenda na siku zimekwenda. Na ukiiacha klachi mbovu kwa kudhani kosa ni la injini, utafungua pampu ya dizeli isiyo na hatia, huku klachi ikiendelea kuungua.

Tena mambo haya hayatokei trekta likiwa limelala kivulini wakati wa kiangazi. Hutokea mvua za kwanza zikishanyesha, kila mwanachama akingojea zamu yake. Tuchukue mfano. Kikundi kina trekta moja na plau ya diski 3. Tuseme kwa siku linalima heka 6. Likisimama siku 10, hizo ni heka 60 ambazo hazikulimwa kwa wakati wake. Mwenye zamu ya mwisho atapanda mahindi yake mvua zikiwa zimekwisha kwenda nusu. Hasara hiyo haiandikwi katika hesabu ya fundi, lakini mara nyingi ndiyo kubwa kuliko bei ya pleti.

KAZI YA KLACHI

Chukua sahani ya bati, iweke katikati ya viganja vyako viwili, kisha bana kwa nguvu. Ukigeuza mikono, sahani nayo inageuka. Ukilegeza mikono, sahani inabaki huru. Hiyo ndiyo klachi.

Kiganja cha kwanza ni flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini. Kiganja cha pili ni presha pleti, yenye springi kali za kusukuma. Sahani ya katikati ni pleti ya klachi, nayo imekaa juu ya shafti iendayo kwenye giaboksi. Dereva asipokanyaga pedeli, springi zinaibana pleti, na nguvu yote ya injini inapita kwenda kwenye magurudumu. Akikanyaga, beringi ya klachi inasukuma vidole vya presha pleti, mbano unalegea, pleti inabaki huru, naye anaweza kuingiza gia.

Sasa fikiri tena ile sahani. Itateleza lini mikononi mwako? Itateleza mikono ikichoka, maana yake springi zimelegea. Itateleza sahani ikiwa nyembamba mno, maana yake lainingi za pleti zimekwisha. Itateleza viganja vikiwa na mafuta, maana yake oili imevuja ikaingia. Na itateleza mtu akikuvuta vidole wakati unabana, maana yake pedeli haiachii sawasawa. Shika mambo hayo manne, kwa kuwa tutayarudia.

Baadhi ya matrekta, kama Massey Ferguson nyingi, yana klachi mbili ndani ya nyumba moja. Ukikanyaga pedeli mpaka nusu, trekta linasimama lakini shafti ya nyuma ya kuzungushia mashine inaendelea. Ukikanyaga mpaka mwisho, na shafti hiyo inasimama. Kwa trekta la namna hiyo mwambie fundi ni klachi ipi inayoteleza: ya mwendo, au ya mashine, au zote mbili. Atajua pa kutazama.

MASIKIO YAKO NDIYO KIPIMO

Trekta likishindwa kuvuta plau, watu husema neno moja tu: halina nguvu. Lakini trekta hushindwa kwa njia tatu zilizo mbali mbali, na kila moja ina dawa yake. Simama pembeni, mahali pa salama, mwambie dereva alime mstari mmoja, nawe sikiliza injini na tazama tairi za nyuma.

Njia ya kwanza: mwendo unapungua na sauti ya injini nayo inashuka, inakuwa nzito kama inataka kuzima. Hapo klachi ni nzima. Inabana vizuri, ndiyo maana mzigo wa plau unaifikia injini na kuielemea. Tazama moshi. Ukiwa mweusi na mwingi, ama umelipa trekta mzigo kupita kiasi, ama chujio la hewa limejaa vumbi. Injini ikififia bila moshi mwingi, shuku chujio la dizeli au hewa iliyoingia katika mabomba ya dizeli.

Njia ya pili: sauti ya injini iko palepale, lakini tairi za nyuma zinazunguka bure na kutupa udongo. Hapa napo klachi haina kosa. Kosa ni tairi kipara, au udongo umelowa mno, au trekta ni jepesi kwa kazi hiyo. Ngojea udongo ukauke kidogo, punguza kina cha plau, au ongeza uzito kwa maji ndani ya tairi au vyuma vya uzito.

Njia ya tatu: mwendo unapungua au trekta linasimama kabisa, tairi hazizunguki, lakini sauti ya injini inapanda, inalia juu kama haina kazi. Pengine unasikia harufu kali ya kuungua. Ndugu mkulima, hiyo ndiyo klachi inayoteleza. Injini inazunguka, nguvu haifiki.

Hata hapo hakikisha jambo moja. Tazama mkono wa gia. Kama umeruka wenyewe ukarudi pasipo na gia, basi ni gia iliyochomoka, na ugonjwa uko ndani ya giaboksi wala si kwenye klachi. Kama mkono uko mahali pake na magurudumu hayaendi, shaka imepungua sana.

JARIBIO LA KUHAKIKISHA

Lipo jaribio fupi. Lifanye mara moja, na usizidishe mara mbili, kwa sababu kila mara klachi mbovu hupata moto mwingi.

Peleka trekta mahali tambarare na pa wazi. Ondoa plau na tela. Watu wote wakae mbali, hasa watoto, pasiwe na mtu mbele wala nyuma. Dereva akae kitini. Afunge pedeli mbili za breki pamoja, kisha avute na breki ya mkono. Injini ikishapata moto wa kutosha, akanyage klachi mpaka mwisho na aingize gia kubwa kuliko zote. Aongeze mafuta kidogo tu. Halafu, mguu wa kulia ukiwa umekaza breki, aiachie klachi taratibu mpaka mwisho.

Klachi nzima itaisonga injini, nayo itazima palepale. Klachi mbovu itaiacha injini ikiendelea kunguruma huku trekta limesimama. Ukiona hivyo, kanyaga klachi mara moja, toa gia, uzime injini. Jibu umekwisha kulipata.

Angalieni sana hapa. Usifanye jaribio hili kwa gia ndogo, wala usilifunge trekta kwenye mti kwa mnyororo ili kupima nguvu zake. Trekta likizuiwa nyuma huku gia ndogo inavuta, linaweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva. Hakuna klachi yenye thamani ya maisha ya mtu.

Jueni pia kwamba klachi iliyoanza tu kuchoka inaweza kushinda jaribio hili, kisha ikateleza kwenye plau baada ya saa mbili za kazi, ikishapata moto. Kwa hiyo yale mliyoyasikia shambani ndiyo yenye uzito zaidi.

TAFUTA SABABU KUANZIA ILIYO RAHISI

Mmekwisha hakikisha kwamba inateleza. Msikimbilie kulipasua trekta. Anzeni na yale yasiyogharimu fedha.

Kwanza, pima nafasi ya bure ya pedeli. Injini ikiwa imezimwa, sukuma pedeli kwa mkono. Mwanzoni inakwenda kwa urahisi, kisha unasikia inagonga kitu kigumu. Umbali ule wa mwanzo ndio nafasi ya bure. Kwa matrekta mengi yenye klachi ya fimbo ni kati ya sentimita 2 na 4, lakini kitabu cha trekta lako ndicho cha kufuatwa. Pleti inavyokwisha, nafasi hii inapungua yenyewe. Ikikosekana kabisa, beringi inabaki imevisukuma vidole vya presha pleti hata kama dereva hagusi pedeli. Huyo ndiye mtu anayekuvuta vidole wakati unabana sahani. Rekebisha kwa nati ya fimbo ya klachi, kisha kaza vizuri nati ya kufungia. Kazi ya spana mbili na dakika chache inaweza kuokoa pleti. Lakini kama fimbo imekwisha kurekebishwa mpaka mwisho wa uzi wake na nafasi bado haipatikani, lainingi zimekwisha.

Pili, tazama kama pedeli inarudi yenyewe. Springi yake ikikatika, au matope yakigandamana chini ya pedeli, au mhimili wake ukikosa grisi, pedeli inabaki chini kidogo, na klachi haibani sawasawa.

Tatu, lala chini utazame sehemu ya chini ya nyumba ya klachi, pale injini inapokutana na giaboksi. Matrekta mengi yana tundu dogo hapo, na mengine yana pini inayoning'inia tunduni ili lisizibe. Tundu hili ni mlango wa kutolea oili iliyovuja. Likizibwa na matope, oili inajaa ndani na kulowesha pleti, nanyi hamna habari. Lizibue. Oili ikidondoka, ipokee kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa nyeusi kama masizi, inatoka kwenye injini, na sili ya nyuma ya injini ndiyo imeharibika. Ikiwa safi zaidi, yenye rangi ya asali, au nyeupe kama chai ya maziwa kwa sababu ya maji, inatoka upande wa giaboksi. Hifadhi karatasi ile umwonyeshe fundi.

Pleti iliyolowa oili haina dawa. Hata ukiiosha kwa petroli, oili imekwisha kunywewa na lainingi, na moto wa kazi utaitoa tena. Na mtu akikushauri kutia mchanga, majivu au soda ndani ya klachi ili ishike, mkatalie. Mchanga utakula flaiwili na beringi, na gharama yako itazidi.

Nne, jiulize juu ya mzigo. Trekta la nguvu za farasi 45 au 50 likipewa plau ya diski 3 katika udongo mzito mweusi wa mbugani, hata klachi mpya haitadumu. Tela lililojazwa kupita kiasi katika njia ya mlima nalo ni hivyo hivyo.

Mkishatazama yote manne na klachi bado inateleza, basi pleti imekwisha au springi zimechoka. Sasa kulipasua trekta ni halali.

MAGONJWA MENGINE YA KLACHI

Kuteleza ni kushindwa kubana. Uko ugonjwa wa upande wa pili, yaani kushindwa kuachia. Dereva anakanyaga pedeli mpaka mwisho lakini gia zinasaga meno, au trekta linatambaa lenyewe. Kulijua ni rahisi: injini ikiwa na mwendo mdogo, kanyaga pedeli mpaka mwisho, hesabu polepole moja mpaka kumi, kisha ingiza gia. Kama bado inasaga, klachi haiachii. Mara nyingi sababu ni nafasi ya bure kuwa kubwa mno, hivyo pedeli inafika chini kabla ya klachi kuachia. Hiyo ni kazi ya spana tu. Sababu nyingine ni pleti iliyopinda kwa moto, au fimbo iliyopinda.

Sababu nyingine tena ni kutu. Trekta likilala miezi mingi nje kwenye mvua, pleti hushikana na flaiwili kwa kutu, na pedeli haiwezi kuitenganisha. Kinga yake ni rahisi: trekta likienda kulala muda mrefu, kanyaga pedeli na uizuie chini kwa kipande cha mti, ili pleti ibaki huru. Andika kwenye kibao na ukining'inize kwenye usukani, ili atakayeliwasha akumbuke kuondoa mti huo.

Ugonjwa wa tatu ni kutetemeka. Dereva anaachia pedeli taratibu lakini trekta linaruka-ruka kabla ya kuondoka. Huenda kuna oili kidogo kwenye pleti, au lainingi imevunjika, au vidole vya presha pleti haviko sawa. Kabla ya yote, kagua bolti zinazounganisha injini na giaboksi kama zimelegea.

Ugonjwa wa nne ni kelele. Hapa pedeli yenyewe inakupa jibu. Injini ikiwaka bila gia, kama kelele inaanza unapokanyaga pedeli na kunyamaza unapoiachia, mgonjwa ni beringi ya klachi. Kama kelele ipo pedeli ikiwa juu na inanyamaza ukikanyaga mpaka mwisho, ugonjwa uko mbele ya giaboksi, kwenye beringi ya shafti inayoingia. Watu wawili wanaweza kusema "klachi inalia", kumbe kila mmoja ana ugonjwa wake.

SIKU YA KULIPASUA TREKTA

Ikifika siku hiyo, kamati ya kikundi isimwachie fundi peke yake. Mwanachama mmoja awepo tangu mwanzo mpaka mwisho. Kabla ya kulegeza bolti, pande zote mbili ziegemezwe kwa stendi au magogo imara, na magurudumu yazuiwe yasisogee. Mtu asiingize mkono au mguu chini ya chuma kilichoshikwa na jeki peke yake.

Lainingi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji, ukikifukie baadaye.

Nyumba mtu haivunji mara mbili kwa kubadili mlango mmoja. Kwa hiyo, trekta likiwa limefunguliwa, badilisheni pamoja na pleti ile beringi ya klachi, na beringi ndogo iliyomo ndani ya flaiwili kama ipo. Kagueni uso wa flaiwili: ukiwa na nyufa au madoa ya buluu ya moto, upelekwe kwa fundi wa mashine ya kusawazisha. Na kama karatasi yenu ilionyesha oili, sili iliyovujisha lazima ibadilishwe siku hiyo hiyo. Pleti mpya juu ya sili mbovu ni fedha iliyotupwa.

Mnapokwenda dukani, chukueni pleti ya zamani mkononi, pamoja na namba ya trekta iliyoandikwa kwenye kibati chake. Linganisheni upana, na hesabuni meno ya tundu la katikati. Msikubali kuambiwa "hii inaingia tu". Na vipuri vyote vya zamani virudi kwenye kikundi, wanachama wavione kwa macho yao. Hiyo ni njia njema ya kulinda fedha ya wote, na pia heshima ya fundi aliye mkweli.

PAWATILA NAYO

Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009, pawatila ziliongezeka katika sehemu nyingi za nchi, hasa kwenye mpunga. Katika nyingi za mashine hizi nguvu ya injini hupitia mikanda ya mpira kabla ya kufika kwenye klachi. Kwa hiyo ukisikia injini inalia juu huku magurudumu hayaendi, usiishuku klachi kwanza. Zima injini, fungua kifuniko, bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukibonyea kama sentimita 2 au 3, ni sawa. Ukibonyea zaidi, umelegea. Ukaze kama kitabu kinavyoeleza. Ukiwa na oili au grisi, usafishe. Na ukibadili, badili mikanda yote pamoja, maana mkanda mpya mmoja kati ya mizee mitatu hubeba mzigo peke yake na kukatika upesi.

NA GARI LENYE GIA ZA OTOMATIKI

Vikundi vingine siku hizi vina gari dogo lenye gia za otomatiki la kupelekea maziwa au nyanya sokoni. Gari hilo halina pedeli ya klachi. Badala yake lina toki konveta, yaani kama feni mbili zinazotazamana ndani ya oili: ya injini inasukuma oili, na oili inazungusha ya giaboksi. Ndani yake, katika magari mengi, imo pleti ndogo inayozifunga feni hizo pamoja gari likishika mwendo, ili nguvu isipotee na mafuta yasiliwe bure.

Kipimo ni kilekile: linganisha sauti ya injini na mwendo. Injini ikishapata moto, katika barabara tupu na iliyonyooka, shika mwendo mmoja wa kilomita kama 80 kwa saa. Gusa breki kidogo sana bila kuachia mafuta. Kama pleti ilikuwa imefunga, mshale wa mizunguko ya injini utapanda kidogo, kisha utarudi. Usipobadilika kamwe, huenda haifungi. Gari likitetemeka kama linapita juu ya matuta madogo wakati pleti inafunga, tazama kwanza oili ya giaboksi: kiasi chake, rangi yake, na kama ni ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu. Na gari likizima kila linaposimama kwenye makutano, kama gari la gia za mkono lililosimamishwa bila kukanyaga klachi, huenda pleti ile imefunga na haiachii. Mweleze fundi dalili hizo kabla hajakuambia ununue giaboksi nyingine. Mara nyingine dawa ni oili sahihi, au swichi, au vali ndogo inayoongozwa kwa umeme.

DEREVA NDIYE DAWA YA KWANZA

Ndugu wakulima, pleti haifi kwa uzee tu. Huuawa na mguu wa kushoto. Dereva anayeendesha huku mguu umepumzika juu ya pedeli anaiunguza klachi kutwa nzima bila kujua. Anayelisimamisha trekta mlimani kwa klachi badala ya breki, vivyo hivyo. Anayeondoka kwa gia kubwa plau ikiwa ardhini, vivyo hivyo. Na trekta likinasa matopeni, kuliachia klachi nusu-nusu ili lijikwamue ni kuichoma kwa makusudi. Afadhali kuchimba na kutandika matawi. Kikundi kikubaliane na dereva juu ya mambo hayo, naye asilaumiwe akikataa kuvuta mzigo uliozidi.

Basi, tukumbushane kwa ufupi. Sauti ikishuka, tazama injini na mzigo. Tairi zikizunguka bure, tazama udongo na uzito. Sauti ikipanda na trekta haliendi, ni klachi. Kisha pima nafasi ya pedeli, tazama springi yake, zibua tundu la chini, fikiri mzigo. Baada ya hayo ndipo mwite fundi, mkiwa na maneno kamili ya kumwambia.

Na kazi hii ifanyeni kabla ya mvua. Wiki moja kabla ya msimu, litoeni trekta nje, lifanyieni jaribio, pimeni pedeli. Ubovu unaoonekana kiangazini hutengenezwa kwa utulivu na kwa bei ya kupatana. Unaoonekana baada ya mvua ya kwanza hutengenezwa kwa bei atakayotaka mwingine.